Lugha Niliyokunyima

Mwanangu Akwilina,

Nakuandikia nikiwa hapa barazani, jua halijazama bado, wewe na mama yako mmekwenda kumuaga Mwalimu Ndekusara kule karibu na bandari. Najua mtachelewa. Yule hamwachi mgeni aondoke kabla ya kikombe cha pili, na cha pili hufuatwa na cha tatu. Basi nina nafasi. Kesho asubuhi lori la kwenda kivukoni Kitaya litakuwa na watu wengi na kelele nyingi, na mimi sikujaliwa kusema mambo ya moyoni wakati watu wanapakia magunia.

Ya dawa za malaria, ya kuchemsha maji, ya kufunga kitambaa kichwani mkiwa kwenye mtumbwi, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena. Mimi sitaongeza kitu hapo. Juzi mezani uliniuliza swali, nami nikaomba chumvi. Mama yako alinipa chumvi na jicho. Barua hii ni jibu la swali lile.

Uliuliza, "Baba, kwa nini usije wewe? Wewe ndiye unayejua Kireno. Mimi nitasimama mbele ya watoto kama bubu."

Wale mabwana wawili waliokuja kutoka ng'ambo ya mto, wakapita mtaani kwetu Rahaleo nyumba kwa nyumba kwa watu wa asili ya kule, walikuja kutafuta walimu. Nchi yao imepata uhuru kutoka kwa Wareno, shule zimebaki na madawati tu, na wakubwa wameamua watoto wafundishwe kwa Kireno ili makabila yao yote yapate lugha moja ya kuelewana. Mimi ndiye waliyemtaka kwanza. Walikuwa wamesikia kwamba nilisoma shule ya misheni kule kabla sijavuka. Niliwaambia nimezeeka. Walitazamana kwa adabu, maana mmoja wao alikuwa na mvi kunishinda. Ndipo wewe uliyekuwa umesimama mlangoni na sinia la vikombe ukasema, "Niandikeni mimi." Hukuwa na neno la Kireno hata moja, na aliyefanya usiwe nalo ni mimi.

Hilo unalijua, sikufichulii kitu. Lakini hujui lilianzia wapi, kwa sababu kila ulipouliza habari za utoto wangu nilikupa habari za nyoka na ngedere.

Shule yetu ilikuwa banda la makuti lisilo na ukuta upande wa mashariki. Padri alikuja mara chache. Aliyetufundisha kila siku alikuwa mwalimu msaidizi, Mmakua mmoja mrefu, mpole wa sura, jina lake Agostinho. Asubuhi tulisali, kisha tuliimba mito ya Ureno: Minho, Douro, Mondego, Tejo, Guadiana. Baada ya mito yalifuata majina ya stesheni za treni, moja baada ya nyingine, za reli ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, na nadhani Agostinho mwenyewe hakuwa ameiona. Hadi leo nikikaa kimya stesheni zile hunijia kichwani zenyewe kwa mpangilio wake. Aliyesema Kimakonde ndani ya banda alipigwa kiganjani kwa kibao cha mviringo chenye matundu. Matundu yale yalivuta nyama ya mkono. Ulibaki na vipele vya duara, na watoto wengine walikuhesabia wakati wa kurudi nyumbani.

Siku moja padri alikuja kutukagua. Agostinho alivaa koti. Akaniita mimi kwa sababu nilikuwa hodari wa kukariri, akaniambia nitaje mto mkubwa. Sijui nini kilinipata. Pengine ni kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimetoka mtoni na baba yangu, na miguu yangu ilikuwa bado na tope kavu. Nilisema, "Luvuma." Nikanyoosha na mkono kuonyesha ulipo.

Padri alimtazama Agostinho tu. Na Agostinho akanipiga, mkono huu kisha huu, na nilipomtazama usoni niliona jasho limemtoka kuliko mimi. Nilikuwa mtoto, nikaona jasho la mtu mwenye hasira. Nilipofika umri wa kuwa mwalimu msaidizi mwenyewe, huku upande wa pili, na mkaguzi akaja darasani kwangu, ndipo nilipolielewa jasho lile. Alikuwa anaogopa kupoteza kazi yake. Na mto ule ule niliopigiwa ndio aliokuwa akivulia kambare kila Jumamosi.

Tulipokuwa vijana walitulazimisha kulima pamba, na asiyelima alichukuliwa kwenda kufanya kazi ya barabara. Baba yangu alichukuliwa mara ya pili akarudi akiwa hawezi kunyooka mgongo. Mama yangu, yule bibi yako mwenye ndonya mdomoni ambaye humjui ila kwa kinyago nilichomchongea, ndiye aliyesema nivuke. Nikaondoka kiangazi, mto ukiwa umekauka kiasi cha kuacha visiwa vya mchanga. Njiani nilimkuta Agostinho akirudi kutoka kuvua. Nilitaka kumpita bila salamu. Yeye alisimama katikati ya njia, akanisemesha kwa Kimakonde, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kimakonde kibovu cha Mmakua.

"Usikisahau Kireno," aliniambia. "Ukikisahau watakusema mbele yako, na wewe utakuwa unatabasamu."

Nilimtemea mate miguuni. Hakufanya kitu, alipisha njia. Huyo ndiye mtu wa mwisho kuzungumza nami upande ule.

Nataka uone jinsi nilivyoukataa ushauri ule. Mimi mwenyewe sikukisahau Kireno, maana kilichoingia kwa kibao hakitoki. Niliukataa kwa ajili yako. Niliapa kwamba mtoto wangu hatakuwa na neno la lugha ile kinywani, nikidhani ndivyo nitakavyolipiza. Ningalifikiri kidogo ningaliona kwamba walioniudhi wako mbali na hawana habari, na kwamba anayepungukiwa ni wewe peke yako.

Sijui kama unakumbuka siku ya shambani. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Nilikuwa napanda vipande vya mihogo na wewe unanifuata nyuma ukivifukia kwa mguu. Mimi nikipanda huhesabu, na nikihesabu bila kufikiri huhesabu kwa lugha ya shule yangu ya kwanza. Nikasikia nyuma yangu sauti ndogo: "Um, dois, três." Ulikuwa unaifuata sauti yangu kama wimbo. Ulizitamka vizuri, bora kuliko ulivyozitamka mwaka huu. Nilitupa jembe. Nilikuambia hiyo ni lugha ya viboko na nikiisikia tena mdomoni mwako nitakuosha kwa sabuni. Hata hukulia. Tangu siku ile kila tulipokwenda shambani ulihesabu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, ili nisikie.

Wakati huo huo, na hapa ndipo ninapoona aibu ya kitu cha kuchekesha, mimi nilikuwa mjini hapa nikisifiwa kwa ufundishaji wangu wa lugha. Uhuru wetu wa Tanganyika ulikuwa mpya. Nilikuwa nimehamishiwa shule ya sekondari kufundisha Kiswahili. Wenzangu wa historia walifundisha kwa Kiingereza, vitabu vyenyewe vikiwa na wafalme wa Kiingereza mpaka nusu. Nikasema basi, mimi nitaifundisha historia yetu ndani ya insha. Niliwatuma wanafunzi wakawaulize bibi na babu zao mambo ya zamani, waandike walichoambiwa bila kukirembesha.

Mwanzoni walinicheka. Kwa sababu ya hizi chale zangu za usoni waliniita Mmawia, jina wanalotuita sisi watu wa ng'ambo wanapotaka kutuonyesha kwamba ni washamba. Siku moja niliingia darasani nikasikia sauti ya nyuma, "Haya, Mmawia anakuja kutufundisha Waswahili Kiswahili." Nilijifanya sikusikia, nikawapa imla ngumu. Aliyesema maneno yale alikosa karibu kila mstari, nikamwambia kwa upole kwamba Mmawia yuko tayari kumsaidia baada ya masomo. Darasa zima lilimcheka, naye akacheka. Tukawa marafiki.

Insha zile, mwanangu, sijapata kusoma kitu kizuri zaidi. Mmoja aliandika jinsi bibi yake alivyofichwa ndani ya ghala la mtama wakati wa vita vya Wajerumani. Wawili wa kijiji kimoja walileta habari mbili zinazopingana juu ya nani aliyepanda mkorosho wa kwanza pale, wakakaribia kushikana mashati, na mimi nikawaacha wabishane mpaka kengele ilipolia. Mwingine alileta mstari mmoja tu: "Bibi amesema swali hili ni la polisi na yeye hajibu." Nilimpa alama nzuri. Niliwaambia kila siku kwamba hakuna jambo la kwao lililo dogo mno kuandikwa. Halafu nikarudi nyumbani, na nyumbani kwangu kulikuwa na historia moja isiyoruhusiwa kutajwa na lugha moja isiyoruhusiwa kusikika. Sikuona mgongano wowote. Mtu anaweza kufundisha jambo miaka mingi na asijue kwamba linamhusu.

Aliyeona ni Mwalimu Ndekusara.

Unamjua kama mwalimu wako wa siasa, mwenye sauti ya kengele. Mimi namjua kama mtu pekee katika chumba cha walimu aliyenitania bila kunidharau. Alikuja huku kutoka Uchagani kumfuata mumewe aliyepata kazi bandarini, na kila mwaka alisema ndio mwaka wa mwisho, atarudi kwenye baridi yake. Aliniambia, "Sisi sote wawili ni wakimbizi, Mwalimu. Wewe ulikimbia Wareno, mimi nilikimbia mama mkwe." Nilipenda kukaa naye wakati wa mapumziko. Alisoma kila kilichochapwa, hata karatasi za kufungia sukari.

Basi ule mwaka wako wa mwisho aliwaandalia mdahalo. Vita vya ng'ambo vilikuwa vikali, majeruhi walikuwa wanaletwa upande huu, na hoja aliyowapa ilikuwa kwamba siku jirani zetu watakapojitawala, lugha ya mkoloni itupwe siku hiyo hiyo. Wewe uliunga mkono hoja. Nilisikia habari zake kabla hujafika nyumbani, kwa sababu wanafunzi walipita barazani wakikushangilia. Ulisema lugha ile ni ya viboko. Ulisema haifai kinywani mwa mtu huru. Ukapigiwa makofi, ukashinda, na mimi jioni ile nilikununulia soda na sikuacha kutabasamu.

Kesho yake Mwalimu Ndekusara alinikalia mbele chumba cha walimu. Akakoroga chai yake muda mrefu.

"Binti yako ameshinda," alisema.

Nikasema nimesikia.

"Ameshinda kwa hasira yako. Hoja yake yeye sikuisikia. Nilimwuliza swali moja dogo, je, wakiitupa, Mmakonde na Mmakua na Mtsonga wa kusini wataongea lugha gani bungeni? Alinijibu kwa kupandisha sauti. Mimi darasani kwangu simfundishi mtu kupandisha sauti, Mwalimu. Nani aliyemfundisha?"

Nilikasirika. Nilimwambia yeye Mchaga hajui kibao chenye matundu. Akasema ni kweli, hajui, na kwamba wewe pia hukijui, na hapo ndipo penye shida: unachukia maumivu ambayo hukuyapata, na huna njia ya kuyapima. Niliinuka nikaacha chai. Nilikaa siku nyingi bila kumsalimu, mimi mtu mzima, nikizunguka nyuma ya jengo ili nisipite mlangoni kwake. Yeye aliendelea kunitolea "habari za asubuhi" kwa mgongo wangu mpaka nikaona haya nikaitikia. Hatukulizungumza tena. Swali lake la bungeni sasa limejibiwa na wenye nchi yao, na jibu walilotoa silo nililotaka.

Ulipojiandikisha, ulikuja kwangu ukasema, "Baba, nifundishe." Ningeweza kukuuliza kama umesahau sabuni. Hukuisahau, niliiona usoni mwako. Lakini ulikuja, na nikakubali, na tukaanza hapa barazani kila ulipotoka kufundisha shuleni kwako.

Siku ile ya kwanza sitaki kuizungusha. Nilikupa maneno kumi ya darasani, ubao, chaki, dawati. Neno la tatu ulilikosea. Nikakusahihisha, ukakosea tena, na mara ya tatu nilisikia rula ikipiga meza kwa nguvu mpaka wino ukamwagika, na sauti ikitoka kinywani mwangu kwa Kireno kilichonyooka, sauti ya chini, ya upole, ya kutisha. Haikuwa yangu. Mimi sijapata kumpiga mwanafunzi katika kazi yangu yote ya Kiswahili, waulize. Ilikuwa sauti ya Agostinho siku ya padri. Wewe ulirudisha mkono wako chini ya meza. Mtu ambaye hajapata kupigwa kiganjani, umejuaje kuficha kiganja?

Mama yako alitokea jikoni na mwiko mkononi. "Baba Akwilina," alisema, "unafundisha au unalipiza?"

Ulisema nifundishe tu, huna neno. Mimi nikafunga somo.

Unakumbuka jinsi tulivyolifungua tena. Wewe ndiye uliyesema twende shambani, msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Ulinitangulia na jembe, ukachimba shimo, ukaniuliza bila kugeuka, "Moja ni nini?" Kule hakukuwa na meza. Nilikuambia moja, nikakuambia mbili. Nikakupa jina la mhogo, la tope, la kunguru, la mgongo unaouma. Ulikosea nami nikaendelea kupanda. Jioni tulirudi umejua mambo mengi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha darasani, na mengi mengine yanayotakiwa darasani huyajui bado. Ndicho Kireno ulichonacho. Ni Kireno cha shamba la mihogo, na kina mashimo mengi. Ungalikuwa na miaka kumi na kitu yake kama nisingalitupa jembe. Hilo siwezi kulirekebisha kati ya sasa na kesho.

Sasa jibu.

Siji kufundisha kwa sababu ya rula ile. Mama yako anasema hicho ni kisingizio cha mwoga, na inawezekana ana haki. Amenijua muda mrefu. Lakini nimejipima. Kwa Kiswahili mimi ni mwalimu niliyejitengeneza mwenyewe, mtu mzima, taratibu, nikiwatazama wenzangu wazuri kama Ndekusara. Kwa Kireno mimi sikuwahi kuwa mwalimu. Nilikuwa mtoto mwenye mikono imevimba, na mbele yangu alisimama mtu mwenye hofu. Ukiniweka mbele ya watoto wa kule na chaki, na mmoja wao akakosea neno mara ya tatu, sijui ni yupi kati ya wale wawili atakayejibu. Watoto wale wametoka vitani. Hawahitaji kujaribiwa na mzee anayetaka kujua.

Wewe hofu yako ni kuchekwa. Watakucheka, Akwilina. Sitakudanganya. Watoto wa kule waliopita shule za misheni watakuwa na matamshi bora kuliko yako, na watakuiga wakati wa mapumziko, na kuna mmoja atakayeiga vizuri mpaka wewe mwenyewe utacheka. Mimi nilichekwa kwa Kiswahili changu cha Mmawia, na bado mnaniita mwalimu wa Kiswahili. Utakapokwama, Kimakonde unacho. Hutakuwa bubu. Na mtoto akikuambia kwa Kimakonde jina la mto wao, na mto ukawa ndio huo, mwambie ndio kwanza. Jina lake kwa Kireno mtalitafuta pamoja baadaye.

Najua kuna wakuu wa shule watakaokukataza. Wataona ni uasi, watasema nchi moja lugha moja, na hawatakuwa watu wabaya. Watakuwa watu wenye mkaguzi. Hapo sina la kukushauri. Sikupata kusimama mahali hapo kwa lugha ile, na yule aliyesimama nilimtemea mate. Nimefikiria mara nyingi Agostinho alipaswa kufanya nini siku ya padri. Alikuwa na mke na watoto na koti moja. Kila nikimpa ujasiri katika mawazo yangu, naona pia nyumba yake bila chumvi. Lakini mimi ndiye niliyepigwa, na najua jibu ambalo mtoto yule alilitaka. Alitaka tu mwalimu aseme, kweli, ule ni mto. Ungekuwa wewe, ungesemaje? Usinijibu kwa barua. Utajibu siku itakapofika, na mimi sitakuwepo.

Kama Agostinho yu hai, atakuwa mzee sana. Usiende kumtafuta kwa ajili yangu. Lakini ukikutana na Mmakua mrefu aliyewahi kufundisha misheni, msalimie kwa Kireno chako cha shambani, na usimwambie wewe ni mtoto wa nani mpaka akuulize. Akiuliza, mwambie yule kijana aliusahau ushauri, si lugha.

Nami nitavuka. Hilo ndilo nililolifikia leo, chai yangu ikipoa hapa. Sitakuja kazini kwao, nitakuja kwako. Utakapomaliza muhula wako wa kwanza nitashuka Kitaya, nivuke kama mgeni yeyote, na kama utaniruhusu nitakaa benchi la nyuma kabisa darasani kwako. Nataka kusikia somo la historia likisomeshwa kule bila stesheni za treni. Ukiniuliza nikakosa jibu, nipe alama ninayostahili.

Niandikie kwa Kireno. Nakuomba. Usiandike kwanza kwa Kiswahili ukatafsiri, na usimpe mtu akusafishie. Nitaisoma kama ilivyo, na kalamu yangu itakaa mfukoni. Nitakujibu kwa lugha hiyo hiyo, na hilo litanitoa jasho zaidi kuliko wewe, maana sijaandika barua kwa Kireno maishani mwangu. Tuliandika imla tu.

Nimejaribu nianze leo, walau kwa kutia sahihi. Nikakwama. Neno la baba kwa Kireno nalijua, ila nililijua katika sala peke yake. Banda lile halikuwa na sababu nyingine ya kulitaja. Hakuna mtu aliyepata kuniita hivyo, na hakuna niliyepata kumwita. Nasikia sauti zenu kwenye kona, mama yako anacheka jambo la Ndekusara, na nisipoliandika sasa sitaliandika. Nenda salama, mwanangu.

Teu pai,

Lusiano